Swichi Iko Juu ya Kitanda

Kasipul, karibu na Oyugis
2 Machi 2025

Kwa mkwe wangu Maroa, Baba Matiko,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Habari za Migori na hilo joto lenu? Binti yangu Terry hajambo? Mjukuu wangu Matiko kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ni goti tu linanisumbua nikiinuka, lakini goti si ugonjwa, ni uzee.

Najua unashangaa kupata barua. Kukupigia simu naona haya, na wewe ukiona namba yangu utadhani kuna matanga. Nimempa Zilpah wa omena, yule muuza dagaa anayetoka Homa Bay na kupita hapa siku za soko akielekea huko kwenu. Atakuletea dukani. Usimwonyeshe Terry. Nasema tena, usimwonyeshe Terry.

Orwa, mkwe wangu, nataka kununua mashine ya kuchomelea vyuma.

Sasa usicheke. Nimeshona nguo za watu tangu Terry akiwa mgongoni, na sasa macho hayapitishi tena uzi kwenye sindano. Kutwa nakaa nikiangalia kuku. Marehemu mzee aliacha stoo imejaa cheni za baiskeli, spoku na majembe yaliyochakaa, na kila nikifungua mlango ule naona ndege. Kweli kabisa! Jembe ni mgongo wa kanga, cheni ni shingo. Sitaki kuuza. Sitaki kikundi cha akina mama wala semina. Nataka kanga wa chuma asimame pale langoni, watu wakipita waulize ni kazi ya nani.

Wewe unauza mashine hizo dukani kwa Abdirashid. Niambie, mtu wa nyumbani anayeanza tu anachukua ipi? Jirani yangu Onsongo, yule wa kutengeneza mageti, ana moja aliyoisuka mwenyewe kwa waya wa shaba, kubwa kama mbuzi aliyelala, na inanguruma hasa. Yuko tayari kuniachia. Nichukue hiyo, ama?

Ni mimi mama mkwe wako, nyanya yake Matiko,
Dani wa Matiko


Migori
7 Machi 2025

Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Sisi hapa tuko salama. Matiko kikohozi kimeisha, sasa ni kelele tu. Terry anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu, kwa maana sijamwambia kitu, na kuficha kwenyewe kunaniumiza tumbo.

Barua yako niliisoma nyuma ya mifuko ya simiti. Niliirudia mara tatu bila kusikia wateja, mpaka Abdirashid akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ni swali la mteja. Akasema, "Mteja gani huyo anakutoa jasho?"

Mama, mimi ni mwoga, nadhani Terry ameshakwambia. Nauza mashine hizi, lakini sijawahi kuwasha hata moja nyumbani kwangu. Nawaona wanunuzi wakirudi. Anakuja mtu macho yamevimba, anasema ni kama yamejaa mchanga, kwa sababu alichungulia moto bila kioo. Mwingine alichomelea pipa lililokuwa la petroli, akasema limekauka. Huyo hakurudi, alikuja ndugu yake. Na wewe ni mama wa mke wangu. Likitokea jambo, ukoo mzima utasema ni yule mkwe Mkuria aliyemtafutia kifo dukani kwake. Terry ataniangalia vipi?

Lakini umeniuliza na siwezi kukunyima jibu. Ya Onsongo usichukue. Haina ganda, waya ziko wazi, na inakula stima mpaka taa za majirani zinafifia. Mtu wa nyumbani anatosheka na inverta ndogo, ile unayoinua kwa mkono mmoja kama kibuyu cha maziwa. Ina kitufe cha kupunguza na kuongeza moto. Unaanza na rodi nyembamba, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunganisha. Unavaa kofia yenye kioo kinachojitia giza chenyewe moto ukiwaka, glavu za ngozi na viatu vya ngozi. Kandambili hapana, Mama, nakuomba. Na chuma kilichopakwa zinki kama mabati usikiguse, moshi wake ni sumu.

Kabla ya hayo yote nijibu, na unisamehe kuuliza mambo ya ndani ya nyumba yako. Swichi kuu iko wapi? Na stima inafika jikoni kwa waya gani?

Mkwe wako,
Maroa


Kasipul
16 Machi 2025

Kwa orwa Maroa,

Salamu. Mvua imeanza kunukia huku, tunapanda mahindi. Goti ni lile lile. Natumaini tumbo lako limetulia, maana mkwe wa kuumwa tumbo kwa ajili ya barua sijawahi kumsikia. Yawa! Siku ile mlipoleta ng'ombe mbona hukuogopa? Yule fahali mwekundu alitaka kumrarua shemeji yako na wewe ulimshika pembe mbele ya watu wote.

Maelezo yako nimeyaelewa. Hiyo ndogo inanipendeza. Kofia ya kujitia giza yenyewe inanipendeza zaidi, nitaivaa kanisani.

Sasa maswali yako. Sikupenda kukujibu hili lakini umeuliza. Swichi iko chumbani kwangu, juu ya kitanda, upande wa kichwa. Mzee ndiye aliyemwambia fundi aiweke pale. Aliogopa wezi wa stima, alitaka kulala akiisikia mita inavyonguruma. Basi imebaki pale na mimi nimeizoea.

Kwenda jikoni mzee alivuta ule waya mwembamba mweupe wa taa. Alikosa nguzo za stima, kwa hiyo akaulaza juu ya waya wa kuanikia nguo na kuufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Umekaa hivyo miaka yote, taa inawaka, redio inaimba. Mimi nitachomelea nyuma ya jiko, kuna kivuli.

Mpe Matiko busu.
Dani wake


Migori
20 Machi 2025

Kwa Mama,

Shikamoo. Sote wazima. Nakuandikia haraka kwa sababu Zilpah amesimama hapa na ndoo yake na wateja wanamkasirikia.

Mama, usichomelee chochote kwa waya huo. Usiwashe hata pasi. Waya ule ni wa taa na redio. Mashine ya kuchomelea ikivuta stima humo, waya unapata moto kama sufuria, ile ngozi nyeupe inayeyuka, na shaba tupu inalala juu ya waya wa kuanikia. Hapo waya wote wa nguo unakuwa na stima, toka nguzo hadi nguzo, na huioni, haina sauti wala harufu. Halafu wewe unakuja na shuka lililolowa.

Na swichi ya kuizima iko mahali ambapo mwanamume mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kuingia, naye tumemzika. Kwenu mkwe haingii chumba cha mama mkwe, na kwetu ndiyo usiseme, mtu anaweza kutengwa na rika lake. Ukishikwa na stima, nani ataingia kuizima?

Inverta nimeshakuwekea, ndogo ya kijani. Iko chini ya kaunta na nimeandika juu yake "imeuzwa." Mwezi ujao nitamleta fundi wa stima. Atachimbia waya mnene ardhini na kukuwekea swichi nyingine nje, ukutani pa jiko. Nitatoa taarifa kabla ya kuja, kama inavyopasa. Mpaka siku hiyo nakuomba, nakuomba kama mtoto wako, vumilia.

Mkwe wako,
Maroa


Kasipul
27 Machi 2025

Kwa orwa Maroa,

Salamu nyingi sana! Sijui nianzie wapi. Goti haliumi. Hata kama linauma sijalisikia.

Nimeshindwa kuvumilia. Usinikasirikie. Onsongo alipita hapa na mashine yake kwenye mkokoteni akitoka kutengeneza geti la shule, nikamwambia, wacha nijaribu mara moja tu. Akaniwekea nyuma ya jiko, akaichomeka kwenye stima ya jikoni. Nilivaa kofia yake na viatu vya mzee. Nilipogusa chuma mara ya kwanza rodi ikanasa, nikavuta, ikakataa, Onsongo akacheka mpaka akakohoa. Mara ya pili ikanasa tena. Mara ya tatu, orwa, ikaanza kuchemka kama mafuta ya mandazi, na pale ndani ya kioo nikaona chuma kimekuwa uji, kinanifuata mkono. Nilisahau kupumua. Nilipotoa kofia kanga alikuwa na mguu. Mmoja tu, na umepinda, lakini nimetingisha na hautoki!

Tulichoma mpaka Onsongo akasema anasikia harufu ya plastiki. Alidhani ni mashine yake, ilinyeshewa juzi. Akaizima na kwenda nayo. Kwa hiyo usiogope, haiko hapa tena, na mguu wa pili nitaungoja kwa ile yako ya kijani. Nimeona tu pale kwenye waya wa nguo kumedondoka vitu vyeupe kama nta ya mshumaa. Nitavikwangua siku ya kufua. Sasa hivi mvua haikatiki, hata leso yangu niliisahau pale na sijaenda kuitoa. Nguo chafu zimejaa karai mbili, nangoja jua.

Dani wa Matiko, fundi wa mguu mmoja


Ujumbe wa simu
3 Aprili 2025, asubuhi

Mama ni Maroa. Zilpah alikwama kwa ajili ya mvua, barua yako nimeipata sasa hivi. Usifue leo. Usiguse waya wa kuanikia. Zima swichi ya juu ya kitanda halafu unijibu.

Mama shika simu.

Mama sina namba ya jirani yako hata mmoja. Nimempigia Terry, naye anakupigia. Tafadhali shika simu.

Nimetoka Migori. Nakuja. Nisamehe kuja bila taarifa.

Nimepita Rongo. Huku kuna jua. Mama, kuna jua.


Migori
14 Aprili 2025

Kwa Mama,

Shikamoo. Sijui kama bado nina haki ya kukuita Mama. Terry anasema umetolewa hospitali na unakula, namshukuru Mungu. Anasema pia hukumbuki vizuri siku ile, na kwamba hakuna aliyekueleza sawasawa. Nitakueleza mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwepo.

Nilifika nikikimbia. Nilikuona toka langoni. Ulikuwa umeinama kwenye karai, unasugua shuka, kichwa wazi, huna leso. Waya ulikuwa nyuma yako na hukuwa umeugusa. Ulikuwa salama, Mama. Ningenyamaza, ningepita kwa Onsongo nikamwita mkewe aje kwako taratibu, ungebaki salama. Lakini woga ulinishinda, nikapiga kelele, "Mama, usiguse!"

Ukageuka ukaniona. Mkwe yuko langoni, hakutoa taarifa, na wewe kichwa wazi. Niliona uso wako ulivyoshtuka. Ulinyoosha mkono nyuma kuchukua leso ujisitiri, ile iliyokuwa imelowa kwenye waya. Kwa ajili ya kuniheshimu mimi.

Mkono ukafunga kwenye waya. Hukulia. Hilo ndilo linanirudia kila siku, ulikuwa unaniangalia na hukulia. Nilitafuta mti mkavu, fimbo, chochote cha kukutoa kwenye waya. Kila kitu kilikuwa bado kimelowa mvua. Nikaingia ndani mbio mpaka kwenye pazia la chumba chako.

Na pale nilisimama. Nakwambia kwa sababu ukiambiwa na mtu mwingine itakuwa vibaya zaidi. Nilisimama mbele ya pazia, mkono wangu umenyanyuka na haugusi kitambaa, na wewe umeshikwa kule nje. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa lile pazia. Halafu nikaingia. Nilipiga goti juu ya kitanda chako na viatu vya matope, nikashusha swichi. Sikuangalia chumba. Naapa sikuangalia kitu.

Nilipotoka ulikuwa chini, unapumua. Onsongo akaleta gari la jirani tukakufikisha Oyugis. Terry alipofika nilimwachia, nikaondoka kabla hujafumbua macho.

Wazee wetu wamesema nisikanyage kwenu mpaka wenu watamke neno. Baba mdogo wa Terry hajatamka. Na Terry anasema unaongea, unaulizia kuku, unamuulizia Matiko, lakini jina langu hujalitaja hata mara moja. Nikiwa dukani nikisikia sauti ya Zilpah namwacha mteja na kutoka kumtazama mikononi.

Mkwe wako, kama bado,
Maroa


Migori
2 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Zilpah anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma, ukaiweka chini ya mto na kumwambia hakuna jibu. Nimeelewa. Terry hanilaumu lakini analia akidhani nimelala. Akija kwenu na mtoto nitabaki huku, haina shida. Ile mashine ya kijani Abdirashid aliniuliza kama airudishe kwenye rafu. Nimemwambia angoje.

Maroa


Kasipul
18 Mei 2025

Kwa Maroa,

Salamu. Uvumilie mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umepona ngozi lakini vidole viwili havikunji. Daktari anasema labda vitarudi. Mengine mazima. Goti ni lile lile.

Sikukutaja. Ni kweli. Hata barua yako niliisoma na kuilalia, kwa sababu sikujua nitakuangaliaje. Wewe unadhani nilikuwa nimekasirika. Mimi nilikuwa naogopa tu, Maroa. Mimi Bathsheba niliyekuwa nakucheka wewe na tumbo lako. Niliogopa waya, niliogopa redio, Terry akiwasha taa nilikuwa natoka nje. Niliogopa mkono wangu mwenyewe. Na nilikumbuka zaidi ya ulivyoambiwa. Nilikumbuka macho yako. Nikawa najiuliza, huyu mtoto akija tena tutakaa vipi sebuleni, yeye akijua alivyoniona na mimi nikijua alikoingia?

Wiki jana wazee walikuja, baba mdogo wa Terry mbele. Wakanywa chai kwanza. Halafu akakohoa, akauliza, "Ni kweli mkwe aliingia chumba chako cha kulala?"

Nikamuuliza, "Chumba kipi? Inukeni mkakague."

Nilikuwa nimeshamwita Onsongo na mkewe wakanihamishia vitu. Kitanda changu kiko chumba cha pili, kile cha mahindi, na mahindi nimeyahamishia stoo. Pale pa zamani nimeweka cheni, spoku na majembe ya mzee, na kanga wangu wa mguu mmoja ameegemea ukuta chini ya swichi. Wazee wakasimama mlangoni wakichungulia. Nikawaambia, "Hii ni karakana. Karakana kila mtu anaingia."

Baba mdogo akasema, "Tangu lini ni karakana?"

Nikasema, "Tangu mkwe wangu alipoingia na viatu."

Mmoja alicheka, wa pili akamfuata. Baba mdogo hakucheka, lakini aliingia. Aliingia ndani yeye mwenyewe, shemeji yangu, akamshika kanga mguu akautingisha. Akasema, "Haya, limekwisha. Mwite aje, achinjiwe jogoo." Ndilo hilo neno lao, nakuletea kama lilivyotamkwa.

Na langu ni hili. Uliandika kwamba ulisimama mbele ya pazia. Nimesoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Ungekuwa huniheshimu ungeingia bila kusimama, na ungekuwa hunipendi ungebaki pale. Usiniombe tena msamaha kwa hilo, utaniudhi.

Waya wa nguo nimeukata, stima ikiwa imezimwa, usianze kutetemeka. Siku hizi naanika kwenye ua. Bado nikipita mahali pale naenda mbio kama mtoto. Lakini kanga hawezi kusimama na mguu mmoja, na kila nikiingia karakana ananiangalia. Mwambie Abdirashid asirudishe ile ya kijani kwenye rafu. Njoo nayo. Lete kofia na glavu, na ya kushoto iwe nzuri zaidi. Lete fundi na ule waya mnene, na swichi mpya iwekwe nje ukutani, mahali ambapo mkono wako unafika. Sitawasha mpaka wewe uwe umesimama kando yake. Nitaogopa, na wewe utaogopa, tutachomelea hivyo hivyo.

Usitoe taarifa. Ukifika langoni piga kelele kama siku ile. Safari hii sitainuka kutafuta leso.

Mama yako,
Bathsheba